Hodi kwa Mlango Usio na Nyumba

Mlango ulisimama peke yake katikati ya uwanda. Kulia kwake hakukuwa na ukuta, kushoto hakukuwa na ukuta, na juu hakukuwa na paa la kuzuia hata umande. Ulikuwa miimo miwili ya kando, linta ya juu, kizingiti, bawaba na ubao mzito wa mninga, basi. Walioujenga waliuita Katiba. Mwanatumu aliuita "ule mlango", kwa sauti ambayo mwanamke humtajia mke mwenza, na tangu siku aliyofiwa hakuwa ameukaribia kiasi cha kuugusa.

Leo alikuwa mbele yake. Kichwani alijitwika mawe mawili yaliyofungwa katika kanga kuukuu, mawe ya mashahidi, moja la kuwekwa kichwani mwa kaburi na jingine miguuni, ili apitaye ajue kwamba hapa amelala mtu na si tuta la muhogo. Kaburi lilikuwa upande wa pili. Fumo, mwanawe wa pekee, alizikwa huko harakaharaka na watu wasiomjua hata jina, na hakuna aliyemchomekea japo kijiti. Mwanatumu aliapa kumwekea mashahidi kabla yeye mwenyewe hajahitaji kuwekewa yake. Hilo tu ndilo alilolitaka katika dunia hii yenye matakwa mengi. Mkija kusikia kwamba bibi huyu alikuwa adui wa nchi, kumbukeni kuwa mzigo wake ulikuwa mawe mawili, na hakuyabeba amrushie mtu.

Nyuma yake, mbali kidogo, alisimama Saida, mjane wa Fumo. Alimsindikiza mkwewe na kibuyu cha maji, lakini mlango aliupa mgongo.

"Mama, utapita kweli?"

"Nitapita."

"Na kile kiapo tulichoapa sote?"

"Kiapo cha kwanza nilimwapia marehemu, mwanangu. Chenu kilikuja baadaye."

"Mimi sipiti. Wanifukie hapahapa nilipo, sipiti."

"Sijakuomba upite, Saida. Nishikie tu maji."

Ni nini mlango? Ukimwuliza mtoto atakwambia ni mahali pa kuingilia. Kuingia wapi, ikiwa mbele ni uwanda na nyuma ni uwanda uleule, nyasi zilezile, panzi walewale wanaoruka kutoka huku kwenda kule bila kumwomba mtu ruhusa? Labda mlango hauhitaji nyumba hata kidogo. Labda ukishausimamisha na kuwazoeza watu kuupita, nyumba hujijenga yenyewe vichwani mwao, chumba baada ya chumba, ukumbi, jiko, ghala, mpaka ifike siku mtu aliyesimama kwenye upepo ajihisi kweli yuko nje, na baridi yake aione ni haki yake. Mwanatumu aliyawaza haya bila kuyapenda. Hakuzaliwa kuwa mtu wa maswali makubwa. Alizaliwa kuwa mama wa mtu, na alipopokonywa kazi hiyo, maswali yakaja kukaa mahali palipobaki wazi.

Hapo kale uwanda ulikuwa mmoja. Watu wa Mlimani walishuka, watu wa Bondeni walipanda, wakaibiana mbuzi, wakaozeshana mabinti, wakatukanana kwa majina ya babu zao na jioni wakaombana moto. Kisha ikasemwa kwamba nchi isiyo na mlango haina heshima mbele ya nchi nyingine. Wajumbe wakaketi. Waliketi muda mrefu hata baadhi yao waliingia kikaoni na ndevu nyeusi wakatoka wakishikwa mkono. Walichobishania kuliko vyote ni kimo cha linta, na mwisho wakaafikiana, maana mjumbe naye ana kwake anakotaka kurudi kula: linta ikatwe mshazari, upande wa Mlimani iwe juu, upande wa Bondeni iwe chini. Atokaye Mlimani apite shingo imenyooka. Atokaye Bondeni ainame. Aliyeuliza kwa nini akaambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyeuliza mara ya pili akaambiwa asijali, linta inaweza kupandishwa wakati wowote, ilimradi ombi liletwe na mtu aliyekwisha kupita chini yake.

Ikapigwa kura, Ndiyo na Hapana. Ndiyo ikashinda kwa watu wachache, idadi ya wanaohudhuria arusi ya maskini. Toka siku hiyo hakuna aliyeulizwa tena wewe mwana wa nani, kwenu wapi, umeshindaje. Aliulizwa wewe ni Ndiyo au Hapana, na jibu likatosha kuwa jina, ukoo na dini. "Wengi wape," wakasema watu wa Ndiyo. "Wengi gani hao?" wakauliza watu wa Hapana, na swali lao likabaki linaning'inia hewani kama shati la marehemu kwenye kamba, hakuna anayetaka kulivaa na hakuna anayethubutu kulianua.

Sasa hapa lazima niseme jambo kuhusu watu hawa, Ndiyo kwa Hapana, maana pasipo jambo hili hamtaelewa kilichowapata. Walikuwa watu wa adabu. Hawakupata hata mara moja kuingia mahali penye mlango bila kubisha hodi. Mtoto wao alifunzwa hodi kabla ya kufunzwa kunawa. Unabisha mara ya kwanza, unabisha ya pili, unabisha ya tatu. Ukijibiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unageuka, unakwenda zako, hata kama umesikia mtu ndani akikohoa. Askari aliyekuja kumkamata mtu alibisha kwanza, na mwenye kukamatwa akamjibu karibu, wakaulizana hali, ndipo pingu zikatolewa. Nimewahi kusikia kwamba hata wezi wao walibisha, ingawa hao walibisha kwa sauti ya chini.

Basi siku iliyofuata kura, watu wa Hapana walibeba mashoka. Aliyewaongoza alikuwa Msellem, kaka yake Mwanatumu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia watu toka bonde la pili. Fumo alikuwa nao, kijana aliyeoa majuzi tu, hina ya arusi bado haijafutika kuchani. Walikwenda kuung'oa mlango wapike nao. Msellem akafika mbele ya ubao ule, akajipanga, akainua shoka. Kinywa chake, kilicholelewa vizuri na marehemu mama yao, kikatangulia mkono, kikasema:

"Hodi!"

Na kutoka upande wa pili sauti ikajibu:

"Karibu!"

Mashoka yakashuka, moja baada ya jingine. Utaivunjaje nyumba ya mtu aliyekukaribisha? Wengine walicheka, wengine wakatazamana, na katika kutazamana huko mawe yakaanza kuja kutoka Mlimani, kwa maana waliokuwa juu waliona mashoka yakipanda na hawakungoja kuyaona yakishuka. Wenye miguu walikimbia. Fumo hakurudi. Alikuwa amezunguka mwimo akaenda upande ule, kwa nini hakuna aliyesema, na akaangukia hukohuko. Habari iliyoenea Bondeni jioni ile haikuwa ya kifo chake. Ilikuwa hii: mlango una mwenyewe. Umesikika. Amejibu.

Hivyo ndivyo walivyoanza kushindwa, kwa adabu. Kubisha hodi ni kukiri kuwa kuna nyumba, na kujibiwa ni kukiri kuwa wewe ni mgeni. Msellem alilitambua hilo mapema kuliko wote. Kwa miaka mingi baadaye alikuwa akisimama sokoni Bondeni akiwasihi: "Ndugu zangu, msiubishie! Zungukeni! Huo ni ubao tu. Kando yake pako wazi, kama palivyoumbwa!" Na kweli palikuwa wazi. Siku za mwanzo kuuzunguka mlango kulikuwa ni kukwepa mwimo mmoja, jambo la kitoto. Watu wa Bondeni waliuzunguka wakiimba, wengine wakarudi kinyumenyume kwa kejeli, na Mwanatumu akaenda kaburini kila Ijumaa akang'oa majani kwa mkono. Alikuwa akiyatafuta mawe ya mashahidi. Hakutaka mawe ya hovyo. Alitaka mawe ya mtoni yaliyolainishwa na maji, mawe ya mtoto aliyependwa, na kabla hajayapata, njia ilianza kurefuka.

Mimi sikulielewa jambo hili, na sidhani kama wajumbe walilikusudia. Njia ni watu. Kila mtu aliyepita mlangoni aliacha kando unyayo mmoja pungufu, na mahali pasipokanyagwa paliota jani, jani likaita kichaka, kichaka kikaita msitu, na nyuma ya msitu ardhi yenyewe ikajinyoosha. Kukwepa mwimo kukawa mwendo wa asubuhi. Mwendo wa asubuhi ukawa safari ya kufunga chakula. Mlango haukusogea. Kando ndiyo iliyokwenda mbali. Na hakuna aliyejenga ukuta, hilo nalo walijivunia sana watu wa Mlimani: angalieni, walisema, uwanda wote uko huru, hatujamzuia mtu.

Wa kwanza kupita walikuwa na sababu nzuri. Bibi arusi mmoja hakuweza kuburuta vazi lake msituni, ikasemwa apitishwe, mara hii tu, na maharusi wanainamisha kichwa hata hivyo. Kisha mwanamke akashikwa na uchungu, na mkunga alikuwa upande wa pili. Nani angemwambia azunguke? Kisha jeneza, wakaliinamisha kidogo upande wa mbele, na marehemu hakulalamika. Kisha Mwalimu Bakame, bingwa wa Hapana, aliyekuwa akiyachambua makosa ya mlango mpaka watu wanalia, akaona njia ya kuipandisha linta ni kuleta ombi, na wa kuleta ombi ni aliyepita. Akapita. Mlimani walimpa kiti kizuri. Walisikiliza ombi lake hadi mwisho, wakampigia makofi, wakatangaza nchi nzima: mnaona jinsi unavyofanya kazi? Hata wanaoukataa wanautumia! Linta haikupanda. Mwalimu naye hakurudi, kwa kuwa ombi lilikuwa bado linashughulikiwa.

Baada ya hapo sababu zikapungua ukubwa. Chumvi. Kiberiti. Kumwamkia shangazi. Kila mmoja alisema mara hii tu, na nchi nzima ikapita mara hii tu. Mafundi cherehani wa Bondeni wakaanza kukata kanzu fupi mbele na ndefu nyuma, ili zikae sawa mtu akiinama. Watoto wakabuni mchezo wa kupita mlango hewani, na aliyesahau kuinama alitolewa mchezoni. Ikawekwa Siku ya Mlango, mapumziko, na wenye kuuchukia walipumzika siku hiyo sawasawa na wenye kuupenda, wakapika pilau. Ukimwuliza mtu wakati huo kama ni Ndiyo au Hapana, alikutazama kama umemwuliza habari za meno yake ya utotoni. Hakuna aliyeshawishika, nawaambieni. Hakuna moyo hata mmoja uliobadilika. Kilichobadilika ni migongo.

Mwanatumu aliendelea kuzunguka. Mawe aliyapata, akayafunga kwenye kanga, akaondoka kabla ya mvua za mwanzo. Alitembea hata akasahau ilikuwa mvua ya mwaka gani. Msituni Fumo alimjia kwa umri anaoutaka mwenyewe: mara kijana wa hina, mara mtoto wa kunyonya, mara mzee kuliko yeye, mwenye mvi, anayemwita binti. Usoni mwake mlianza kukosekana vitu. Siku moja ilikosekana pua. Mama akakaa chini akailia pua ya mwanawe, akijaribu kuikumbuka kwa vidole vyake mwenyewe.

Huko ndiko alikokutana na ajuza mmoja anayekuja upande wake, kichwani ana mzigo, kanga yake kuukuu.

"Shikamoo, bibi. Watoka kaburini?"

"Natoka huko uendako," akajibu ajuza.

"Ulifika?"

"Nilipokuwa na umri wako nilidhani nitafika."

"Na mawe hayo?"

"Haya ni yako," ajuza akasema, akampita.

Mwanatumu akageuka kumtazama na akauona mgongo wake mwenyewe ukienda, na kovu la kisiginoni alilolipata kwa kukanyaga jembe akiwa msichana. Hapo akakata tamaa, kwa utulivu, jinsi mtu anavyotua mzigo. Akamfuata ajuza yule hadi Bondeni. Walipofika alikuwa mmoja tu, na Saida alimpokea bila kushangaa uzee wake. Habari aliyopewa ni kwamba Msellem hayupo. Hakuaga. Macho yake yalikuwa yamefifia, na siku moja hakuonekana sokoni, na soko halikumuulizia. Bondeni walibaki wanawake wawili ambao hawajawahi kuinama.

Ndiyo sababu leo alikuwa mbele ya ubao wa mninga, mawe kichwani. Akasema kimoyomoyo:

Sibishi. Nitasukuma kwa bega. Nitapita kama panzi. Nikiinama nitainama kwa ajili ya mgongo wangu, mgongo ni wangu, umechoka kwa shughuli zangu. Nitakwenda kwa mwanangu, nitasimika mawe, nitarudi. Hawatapata neno langu. Watapata mwili. Mwili wa kizee si ushahidi wa kitu. Sibishi. Kinywa, nisikilize. Mama yangu alinifunza kwa ajili ya nyumba za watu. Hii si nyumba. Hii si nyumba. Hii si

"Hodi," kinywa kikasema.

Kimya. Akaona haya mpaka masikio. Kisha, kwa kuwa aliyebisha mara moja bila kumaliza huonekana hana malezi, akabisha tena.

"Hodi."

Kimya. Tumaini likamwamsha: labda hakuna mtu. Labda watu wote hawa wameinamia hewa.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibu, dada," ikajibu sauti ya Msellem.

Linta ilimfika kifuani. Hangeweza kupita na mzigo kichwani, kwa hiyo akautua nje ya kizingiti, akikusudia kuuvuta akishaingia. Akainama. Alipoinuka upande wa pili, ubao ulikuwa umejifunga nyuma yake kwa uzito wake mwenyewe, mawe yakabaki nje. Mbele yake hakukuwa na ukumbi, hakukuwa na kiti cha enzi. Kulikuwa na njia kuu, na kando yake nyasi na panzi. Na chini, ameegemea mwimo, alikuwa kaka yake, macho meupe pe.

"Kaka Msellem! Wewe?"

"Ndimi. Kaa upumzike, umetembea."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Hayupo."

"Ametoka?"

"Hajawahi kuwapo, dada. Anayeingia ndiye anayekaa hapa kumjibu anayefuata. Akishamjibu, huyo mwingine anakaa, na yeye anakwenda zake kwenye haja yake. Mimi nilikuja kwa tabibu wa macho. Nikaambiwa ngoja kwanza abishe mwingine. Sasa wa kubisha nani? Aliyepita mara moja habishi tena, amekuwa mwenyeji. Kule mlibaki nyinyi wawili. Nimengoja mpaka hakuna tena cha kutibu."

Mwanatumu alikaa chini. Hasira aliyoihifadhi miaka yote kwa ajili ya mwenye nyumba haikujua iende kwa nani.

"Na mngenyamaza?" akauliza. "Mgeni asipojibiwa hurudi. Mngenyamaza siku moja tu!"

"Siku moja tu," Msellem akakubali. "Ungebaki ubao. Kila aliyekaa hapa alilijua hilo, na kila mmoja aliapa kunyamaza. Lakini anayebisha si adui, dada. Ni mkeo, ana mtoto mgonjwa. Ni rafiki yako. Mimi niliapa kwa jina la mama yetu kwamba nitaufumba mdomo, na nani akaja kubisha? Wewe."

"Siku ile ya mashoka," Mwanatumu akasema polepole, "hakuwa amepita mtu bado. Nani alikujibu?"

Kaka yake akawapapasa panzi wawili walioruka juu ya miguu yake.

"Kaka."

"Alikuwa ametangulia huku, ausukume huku mimi nikikata kule. Niliposema hodi, ule upuuzi wangu, akanijibu. 'Karibu, mjomba, huku ni kwako!' Alikuwa akicheka. Na mimi nikacheka. Sauti yake niliijua, ningekosaje kuijua? Watu walisikia karibu tu, mengine yakamezwa na kicheko. Nilitaka kuwaambia. Halafu mawe yakaja, na baadaye ningewaambia nini? Kwamba mwenye mlango ni maiti yetu wenyewe?"

Mwanatumu hakulia. Alijaribu kuisikia sauti ile ikisema maneno yale, na akaweza kusikia maneno, sauti hapana.

"Na kaburi lake? Silioni tena tuta."

"Hapahapa mbele, alipoanguka. Si mbali." Msellem akainuka kwa kushika mwimo. "Nakwenda, dada. Sijui kwenda wapi, lakini zamu yangu imekwisha." Akaenda, akipapasa hewa, ameinama ingawa juu yake hakukuwa na linta yoyote ila mbingu.

Mwanatumu akabaki na mgongo wake kwenye mwimo. Nitanyamaza, akaamua, na uamuzi huo ulimpa joto. Hakuna wa kubisha. Nitakaa hapa nife, na mlango utakufa nami, na hiyo itakuwa zawadi yangu kwa mwanangu: kuufuta utani wake. Aliwaza hivyo mpaka kivuli cha linta kilipomfika magotini. Ndipo aliposikia nyayo nje, na pumzi ya mtu aliyebeba kitu kizito.

"Hodi."

Alikuwa Saida.

Mwanatumu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi! Mama, ni mimi. Umeyasahau mawe."

Asiyejibiwa hurudi. Saida alilelewa vyema, angerudi, na kule Bondeni ingebaki miguu miwili inayoijua njia ya kando, na njia ambayo mtu mmoja anaijua haijafa bado. Asingeinama. Kila kitu kilichopotea kingekuwa kimepotea isipokuwa kimoja. Na Fumo angelala bila shahidi, chini ya nyasi zisizo na jina, milele. Mwanatumu alilipima hili na lile, na akawachukia wote waliowahi kukaa mahali hapa, kisha akawaelewa, na kuwaelewa kulimuuma zaidi. Nje, mawe yalisuguana ndani ya kanga. Saida alikuwa amechoka. Alikuwa amekuja kwa ajili yake. Hakuja kwa Mlimani, hakuja kwa chumvi, hakuja kwa Katiba.

"Hodi, mama," akabisha mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kugeuka.

"Karibu, mwanangu."

Ubao ukafunguka. Saida akainama, mzigo ameukumbatia kifuani, na aliinama vizuri, bila kugusa linta, utadhani alikuwa akifanya mazoezi kwa siri miaka yote. Mwanatumu akatazama kando. Papo hapo, kutoka Mlimani na kutoka Bondeni, ngoma zikalia, na mbiu ikapigwa kwamba kuanzia leo katika nchi hii hakuna tena Hapana, watu wote wameukubali mlango kwa hiari yao, na kesho ni mapumziko.

"Wanashangilia nini?" Saida akauliza.

"Wewe," mama mkwe akamjibu. "Kaa hapo. Akija mtu, utajua la kufanya."

"Atakuja nani, mama? Hakuna aliyebaki."

Mwanatumu akainuka. Akayachukua mawe akaenda mbele, si mbali, kama alivyoambiwa. Hapo palikuwa njia kuu. Kila bibi arusi, kila jeneza, kila mwenye kufuata kiberiti alipoinuka kutoka chini ya linta aliweka hapo hatua yake ya kwanza, miaka nenda miaka rudi, na ardhi ilikuwa imeshindiliwa mpaka ikang'aa, tambarare, ngumu, haina tuta wala ufa wala jani. Alizunguka akiikagua. Angeweza kuwa hapa, angeweza kuwa pale. Akapiga magoti akaweka sikio chini. Alikuwa na mashahidi mkononi na hakuwa na kaburi.

Basi akafanya alichofunzwa. Akasimama, akaitengeneza kanga begani, akaiambia ardhi:

"Hodi."

Alingoja.

"Hodi, Fumo."

Alingoja kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa, akiitegea ile sauti iliyowahi kumkaribisha kila mtu.

"Hodi, mwanangu."

Hakuna aliyejibu. Na Mwanatumu alikuwa mtu wa adabu. Akajitwika mawe yake, akageuka, akaenda zake.